Uhamisho Haungoji Kliniki: Pumu na Kinga ya Afya kwa Wanawake wa Familia za Jeshi

Katika nyumba nyingi za wanajeshi, anayejua nani anatumia dawa gani ni mwanamke, na mara nyingi anajua peke yake. Mume yuko kozi, yuko mpakani, au yumo kwenye misheni ya Umoja wa Mataifa huko Kongo, Jamhuri ya Afrika ya Kati au Lebanoni, na kurudi kwake ni mwakani. Barua ya uhamisho nayo ikitoka haiulizi kama kifua cha mtoto wa pili kimetulia. Lori linapakiwa, kota inakabidhiwa, safari inaanza.

Kwa familia hizi, shida kubwa si kukosa pa kutibiwa. Vikosi vina huduma za tiba, Dar es Salaam ipo Hospitali Kuu ya Jeshi Lugalo, na uraiani kuna zahanati na vituo vya afya. Shida iko katikati ya kituo kimoja na kingine. Dawa ya pumu inaishia njiani, faili linabaki kikosi cha zamani, na kipimo cha mlango wa kizazi kinaahirishwa kwa neno moja: tukitulia. Kwa mke wa mwanajeshi, kutulia kunaweza kuchukua miaka. Kwa hiyo ushauri wangu wote katika makala hii unasimama juu ya jambo moja: panga afya yako na ya wanao kana kwamba utahama mwezi ujao, na kana kwamba utahama bila mwenzako.

Anza na daftari

Nunua daftari gumu la kaunta na ulitenge kwa kazi hii tu. Kila mtu wa nyumbani apewe kurasa zake. Andika magonjwa aliyonayo, majina ya dawa kama yalivyo kwenye boksi pamoja na kipimo chake, dawa zinazomdhuru, chanjo alizopata na tarehe zake, na mara ya mwisho kulazwa. Kwenye kurasa zako mwenyewe ongeza tarehe ya kipimo cha mlango wa kizazi na majibu yake, presha, sukari, njia ya uzazi wa mpango unayotumia na siku ya kurudi kliniki.

Barua ya uhamisho ikitoka, nenda zahanati kabla ya kwenda kutafuta maboksi. Omba mambo matatu: muhtasari wa matibabu ulioandikwa na kugongwa muhuri, dawa za kutosha miezi miwili au kiasi chochote watakachoweza kutoa, na karatasi ya rufaa kwa yeyote aliyekuwa akisubiri kipimo au daktari bingwa. Kadi za kliniki za watoto na kadi ya mjamzito zipige picha kwa simu, kisha mtumie mwenzako au ndugu unayemwamini. Simu hupotea na karatasi hulowa, lakini ni nadra vyote viwili kukupotea siku moja.

Dawa za pumu ni mbili

Pumu ni uvimbe wa muda mrefu katika njia za hewa, na uvimbe huo unaweza kuwepo hata siku ambayo mtu anapumua vizuri. Ndiyo maana dawa zake ni za aina mbili. Ya kutuliza ni salbutamoli, ambayo inhela yake kwa kawaida ni ya bluu. Hii hulegeza misuli iliyobana ndani ya dakika chache. Ya kuzuia, kama beklometazoni au budesonidi, hupunguza uvimbe wenyewe pole pole, na faida yake huonekana baada ya kuitumia kila siku kwa siku au wiki kadhaa. Ya kwanza ni ndoo ya kukingia mvua sebuleni, ya pili ndiyo fundi anayeziba paa. Nyumba nyingi zina ndoo tu.

Tangu mwaka 2019, mwongozo wa kimataifa wa pumu unaotolewa na GINA umeacha kushauri watu wazima na vijana kuanzia miaka 12 watumie dawa ya kutuliza peke yake. Kama wewe au kijana wako mna inhela ya bluu tu, hilo liwe swali la kwanza kwa daktari. Muulize pia kuhusu inhela yenye budesonidi na formoteroli kwa pamoja, ambayo hutuliza na kuzuia, kama inapatikana mlipo.

Jiulize maswali manne kuhusu wiki nne zilizopita. Je, kifua kilibana mchana zaidi ya mara mbili kwa wiki? Je, pumu ilikuamsha usiku? Je, ulihitaji dawa ya kutuliza zaidi ya mara mbili kwa wiki? Je, kuna kazi uliyoshindwa kwa sababu ya kifua? Jibu moja la ndiyo linatosha kukurudisha kliniki. Kama inhela za bluu unazomaliza kwa mwaka ni tatu au zaidi, uko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata shambulio kali, hata kama unajiona umezoea.

Hesabu dozi, hasa kabla ya safari. Inhela nyingi huwa na mipulizo 200. Anayetumia mipulizo miwili asubuhi na miwili jioni ataimaliza kwa siku 50. Andika kwenye kopo tarehe uliyoianza na tarehe itakayoisha. Usiitumbukize kwenye maji kuona kama inaelea, maana jibu lake si la kuaminika na maji yanaweza kuiharibu.

Wengi hupuliza vibaya, dawa ikaishia ulimini. Chombo kiitwacho spesa, kinachokaa kati ya inhela na mdomo, husaidia dawa ifike kwenye mapafu. Kama hakipatikani, chupa ya plastiki ya nusu lita inaweza kufanya kazi hiyo. Watafiti wa Cape Town walichapisha mwaka 1999 matokeo yaliyoonyesha kwamba kwa watoto waliobanwa na pumu, chupa hiyo ikizibwa vizuri ilifanya kazi sawa na spesa ya dukani. Chupa hutobolewa kitakoni kwa umbo la mdomo wa inhela, kisha huzibwa hewa isivuje, na mgonjwa huvuta kupitia mdomo wa chupa. Muombe mhudumu wa zahanati aangalie uliyoitengeneza kabla ya kuitegemea. Mtoto mdogo sana huhitaji spesa yenye barakoa. Baada ya dawa ya kuzuia, sukutua mdomo na uteme, usipate utando mweupe mdomoni.

Kuna maneno yanayozunguka kota kwa kota kwamba ukianza inhela huachi tena, au kwamba inhela ni ya mtu aliyefika mwisho. Si kweli. Inhela haileti uraibu, na dawa ikivutwa huenda moja kwa moja kwenye mapafu kwa kiasi kidogo. Vidonge au sindano za steroidi zikirudiwa rudiwa ndizo zenye gharama kubwa mwilini: hupandisha sukari na presha, na hudhoofisha mifupa. Mwanamke anayepewa prednisoloni kila baada ya miezi miwili hatibiwi pumu ipasavyo, na aseme hivyo bila kuona haya.

Nyumba mpya, hewa mpya

Kifua kilichotulia Monduli kinaweza kubana Mtwara. Pwani kuna unyevu unaozaa ukungu ukutani na nyuma ya kabati. Dodoma kuna vumbi la kiangazi, na Mbeya baridi ya Juni na Julai. Ukihamia Mtwara au Lindi wakati wakulima wanapulizia salfa kwenye mikorosho, hewa yenyewe inawasha koo. Uliza wenyeji msimu huo ni lini, ufunge madirisha saa za kupulizia.

Siku ya kuingia kota mpya, mwenye pumu asiwe wa kwanza kufagia. Mwingine afungue madirisha, apige deki kwa kitambaa kibichi badala ya ufagio, afue mapazia na kuanika magodoro juani. Kama kuta zimepakwa rangi siku hiyo, lala kwa jirani. Ukungu uondolewe, na paa au bomba linalovuja liripotiwe kwa wahusika wa majengo, maana ukungu utarudi maadamu maji yapo. Mende nao husababisha pumu kwa vinyesi na mabaki yao. Chakula kifunikwe na taka zitolewe kila jioni kabla ya kufikiria dawa ya kupuliza, ambayo nayo hubana kifua.

Jikoni ndiko kwenye moshi mwingi, na anayeuvuta ni mama na mtoto aliye mgongoni. Mei 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Wewe usisubiri 2034. Kama gesi au umeme hautoshi kwa mapishi yote, tumia mkaa kwa maharage na makande tu, nje ya nyumba, na moto uwashwe na mtu asiye na pumu. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani usiku kwa ajili ya joto hata kama Makambako kuna baridi. Hewa yake ya sumu haina harufu, na inaua.

Kwa wale wa Pwani na Visiwani, udi na ubani ni heshima ya nyumba, na si lazima viachwe kabisa. Fukiza wakati mwenye pumu hayupo, acha chumba kipate hewa, ndipo aingie. Dawa ya mbu ya kuchoma ibadilishwe kwa chandarua. Sigara isivutwe ndani, hata na mgeni mwenye cheo.

Usiku, mwenzako akiwa mbali

Pumu hupenda kuzidi usiku na alfajiri. Kwa hiyo panga mchana. Bandika ukutani namba za lango la kambi, ofisa wa zamu, zahanati ya kikosi, na dereva mmoja wa bajaji au teksi anayepokea simu saa nane usiku. Anayeishi uraiani anahitaji hasa namba hiyo ya mwisho. Chagua jirani mmoja, umwonyeshe inhela iko wapi, na mkubaliane atabaki na watoto wengine ukikimbizwa hospitali. Wake wa wanajeshi husaidiana kwenye misiba na harusi bila kuombwa. Katika hili ombeni mapema.

Mtu akibanwa, mkalishe wima, usimlaze. Legeza nguo. Mpe dawa ya kutuliza mpulizo mmoja kwa mara moja kupitia spesa, avute pumzi mara nne au tano, subiri nusu dakika hadi dakika, kisha mwingine, hadi kufika kumi. Kama hapati nafuu, au nafuu inakuja na kuondoka, nendeni hospitali na muendelee kumpulizia mkiwa njiani. Kuna dalili zinazomaanisha uondoke hapo hapo: hawezi kumaliza sentensi moja, midomo inageuka rangi, ngozi ya mtoto inazama katikati ya mbavu, amechoka na anasinzia, au sauti ya mluzi kifuani imepotea huku bado anahangaika kupumua. Ukimya huo si nafuu. Hewa haipiti.

Dada wa kazi na mwalimu wa darasa wafundishwe haya pia, kwa kuonyeshwa na si kwa kuambiwa tu. Inhela ya mtoto wa shule iwe mahali anapoweza kuifikia, isifungiwe ofisini kwa mwalimu mkuu. Siku ya kuhama inhela ikae mkobani mwako. Isipakiwe na mizigo kwenye lori wala kuachwa kwenye gari lililoegeshwa juani.

Vipimo vyako havisubiri mtulie

Wanawake wengi wa kambini humpeleka mtoto kliniki kila mwezi bila kukosa, huku wao wenyewe wakiwa hawajapima chochote tangu uzazi wa mwisho. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na makadirio ya kimataifa yanaonyesha zaidi ya wagonjwa wapya 10,000 kwa mwaka. Husababishwa na virusi vya HPV, na huchukua miaka mingi kujijenga. Muda huo mrefu ndio nafasi yako.

Kwa mwanamke asiye na VVU, lenga kupima kuanzia miaka 30. Kama majibu ni mazuri, kipimo cha siki hurudiwa baada ya miaka mitatu. Anayeishi na VVU huanza mapema zaidi na hurudia mara nyingi zaidi, kwa ratiba atakayopewa kwenye kliniki yake ya VVU (CTC). Kipimo chenyewe ni cha dakika chache: muuguzi hupaka siki maalumu kwenye mlango wa kizazi, husubiri kidogo, na hutazama kama kuna doa jeupe. Yakionekana mabadiliko ya awali, mara nyingi hutibiwa papo hapo kwa kugandishwa au kwa joto. Usiende ukiwa kwenye hedhi. Baada ya matibabu hayo utaambiwa upumzike tendo la ndoa kwa takriban wiki nne. Hapa ndipo wengi hukwama, maana mume amesema anakuja likizo. Pimwa sasa akiwa bado mbali, au mweleze kwa simu sababu ya kusubiri. Wiki nne ni chache kuliko safari za hospitali ya saratani ya Ocean Road.

Binti naye ana kinga yake. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Mtoto anayehama shule katikati ya muhula anaweza kuikosa kote kuwili: shule ya zamani wamechanja akiwa ameondoka, shule mpya walimaliza kabla hajafika. Usidhani, angalia daftari.

Matiti yajue mwenyewe, siku chache baada ya hedhi yanapokuwa laini. Uvimbe mpya, ngozi inayovutwa ndani au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyogeuka au inayotoa damu, vyote ni vya kuonyesha kwa mhudumu hata kama haviumi. Wanawake wengi wa Tanzania hufika hospitali saratani ya titi ikiwa hatua ya tatu au ya nne, baada ya miezi ya kusubiri maumivu ambayo hayakuja mapema. Presha pima kila mwaka, na sukari pia hasa kama uzito umepanda, ndugu wana kisukari, au umetumia steroidi mara nyingi.

Hedhi, mimba na kifua

Baadhi ya wanawake hubanwa zaidi siku chache kabla ya hedhi. Weka alama kwenye daftari kwa miezi mitatu. Ukiona mpangilio unajirudia, daktari ataweza kurekebisha dawa. Angalia pia unachomeza kwa maumivu ya tumbo la hedhi: diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huamsha pumu kwa baadhi ya watu. Kama imewahi kukutokea, tumia parasetamoli na uandike katazo hilo ukurasa wa kwanza. Dawa za presha kama propranololi nazo zinaweza kubana kifua, kwa hiyo anayekuandikia dawa yoyote aambiwe kwanza una pumu.

Ukipata mimba, usiache dawa ya pumu. Kwa ujumla, theluthi moja ya wajawazito wenye pumu hupata nafuu, theluthi hubaki walivyo, na theluthi huzidiwa, wala huwezi kujua mapema uko kundi gani. Hatari kubwa kwa mtoto ni mama kukosa hewa. Pumu isiyodhibitiwa huongeza uwezekano wa kifafa cha mimba, kujifungua kabla ya wakati na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Dawa za kuvuta zinazotumika sana ni salama wakati wa ujauzito na unyonyeshaji. Nenda kliniki mapema, na siku ya uchungu mwambie mkunga kwamba una pumu, kwa sababu baadhi ya dawa za kuzuia damu baada ya kujifungua zinaweza kubana kifua naye ana nyingine za kuchagua.

Mwenzako anaporudi

Wengi huacha uzazi wa mpango mume akiwa misheni, kisha likizo inatangazwa ghafla. Kama hutaki mtoto sasa, nenda kliniki mapema, maana njia nyingi huhitaji siku kadhaa kuanza kufanya kazi, au baki na njia ya muda mrefu kama kipandikizi au kitanzi. Pumu peke yake haimzuii mwanamke kutumia njia hizi.

Kupima VVU na magonjwa ya zinaa pamoja baada ya kutengana kwa muda mrefu kuwe utaratibu wa nyumba, usiosubiri shaka. Liongeeni kabla hajapanda ndege, likiwa jambo la wote wawili. Mkisubiri mpaka mkosane, litasikika kama tuhuma.

Kwa askari mwanamke

Wapo pia wanawake wanaovaa magwanda wenyewe, wanaoficha inhela mfukoni wakiogopa kuonekana dhaifu. Mchakamchaka wa alfajiri, vumbi la kwata na moshi wa mazoezi vinaweza kuamsha pumu, lakini mwenye pumu iliyodhibitiwa anaweza kukimbia. Pasha mwili moto taratibu, tumia dawa kabla ya mazoezi kama ulivyoelekezwa, na mhudumu wa tiba wa kikosi ajue hali yako. Anayeificha hujinyima dawa ya kuzuia, akabaki na ya bluu, na siku ikimwishia yuko porini na wenzake hawajui wanachokiona.

Na wewe baba unayesoma makala hii ukiwa mbali, una kazi pia. Tuma fedha ya dawa kabla ya ile ya mabati. Jifunze majina ya dawa za mwanao, na uwe na nakala ya daftari kwenye simu yako. Mkeo akikwambia ameandikiwa kipimo, muulize ni siku gani. Siku hiyo ikifika, mpigie jioni umuulize majibu.